Je, Hasara Ni ya Mwenye Mzigo Siku Zote?

Bwana Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika karatasi zetu hizi nipate kumjibu mwenzetu aliyeandika katika toleo lililopita, ya kwamba mtu aliyevunjiwa mali yake njiani na wachukuzi afadhali anyamaze, maana ati karani mwenye heshima zake hashitakiani na watu kwa ajili ya cherehani. Maneno hayo yaliandikwa kwa lugha nzuri, nayo yalisomwa hapa Sola na watu wengi, wengine wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mimi sikukubali. Naona ni maneno ya hatari, tena hatari yake imezidi kwa kuwa yamevikwa nguo ya upole.

Wale wasiojua habari yenyewe nitawaeleza kwa ufupi. Karani mwenzetu alihamishwa kutoka Mwanza kuja Maswa. Vyombo vyake vilikuja kwa gari la kampuni ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa shabaha yangu si kampuni moja bali ni desturi ya kampuni nyingi. Gari lilifika usiku, utingo wakashusha mizigo upesi upesi, na yule mwenye kitabu akamwambia mwenzetu, "Tia sahihi hapa, tunaondoka." Akatia sahihi kwa mwanga wa simu, chini ya maneno yasemayo kwamba amepokea mzigo wake kamili na katika hali njema. Kulipokucha akafungua: kabati la vioo limekuwa vipande, na cherehani ya mkewe imepasuka kichwa. Cherehani ile ilinunuliwa kwa shilingi 350,000, nayo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watoto mishahara inapochelewa na ndiyo iliyoshona sare za shule kila Januari. Alipokwenda kudai alionyeshwa nyuma ya risiti, mahali palipoandikwa kwa herufi ndogo za Kiingereza kwamba mizigo huchukuliwa kwa hatari ya mwenyewe. Kisha akapewa shilingi 15,000, ati ni hisani.

Neno hilo "hisani" ndilo lililonitia kalamu mkononi. Hisani ni sadaka. Ampaye mtu hisani hana deni, na apokeaye hisani hana haki. Ni lazima tuulize basi: je, mchukuzi aliyelipwa nauli akaharibu mzigo ana deni au hana?

Mwenzetu aliandika kwamba hana, kwa sababu nne. Nitazipima moja moja.

Sababu yake ya kwanza ni kuwa risiti imesema, na kilichoandikwa kimeandikwa. Sisi makarani twaheshimu maandishi, maana ndiyo kazi yetu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yatupasa tujue kwamba si kila maandishi ni mapatano. Mapatano ni nia mbili kukutana. Mtu akilipa nauli, mzigo ukapakiwa, kisha akapewa karatasi yenye sharti ambalo hakuambiwa wala hakuonyeshwa, nia yake imekutana na nini? Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1877 mahakama ya rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri la Bwana Parker, aliyeweka mkoba wake katika chumba cha kutunzia mizigo cha stesheni ya Charing Cross mjini London. Alilipa peni 2 akapewa tiketi, na nyuma ya tiketi paliandikwa kwamba kampuni ya reli haitadaiwa kwa mzigo uliozidi thamani ya pauni 10. Mkoba ukapotea, nao ulikuwa na thamani ya pauni 24 na shilingi 10. Mahakama haikusema kwamba maandishi yamemaliza maneno. Iliagiza shauri lisikilizwe upya, na swali kubwa liwe hili: je, kampuni ilifanya yaliyopasa ili mteja apate habari ya sharti lile? Tena mwaka 1949, katika shauri la Bibi Olley aliyeibiwa nguo zake za manyoya hotelini, mahakama ilisema kwamba tangazo lililobandikwa ukutani mwa chumba cha kulala halikumfunga, kwa sababu alilikuta baada ya mapatano kwisha kufanywa mezani pa mapokezi.

Msinijibu kwamba hayo ni mambo ya Waingereza. Sheria zetu zilipokea misingi ya sheria za Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu za baadaye mahakimu wetu huzitazama kama ushauri wa wazee wa jirani. Na katika nchi hii tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa hakimu amepaswa kusema nasi kwa Kiswahili, kwa nini karatasi ya kupokelea mzigo wa mkulima wa pamba wa Sola iseme naye kwa Kiingereza, tena nyuma, tena kwa herufi zinazohitaji miwani? Mwenye sharti la haki huliandika mbele, kwa herufi za kutosha, kwa lugha ya mteja wake. Anayelificha amekwisha kulitilia shaka yeye mwenyewe.

Sababu ya pili ya mwenzetu ni kuwa nauli ni ndogo. Auliza, mtu aliyelipwa shilingi elfu chache kwa kuchukua cherehani awezaje kudaiwa shilingi laki tatu na nusu? Swali hili lina uzito, wala sitalidharau. Lakini nitalijibu kwa habari ya mtu ambaye hakulipwa hata senti moja. Mwaka 1703 huko Uingereza liliamuliwa shauri la Coggs na Bernard. Bernard alikubali kuhamisha mapipa ya pombe kali iitwayo brandi kutoka ghala moja hata ghala nyingine, bila ujira. Kwa uzembe wake pipa moja likapasuka na pombe nyingi ikamwagika. Akajitetea kwamba hakulipwa kitu. Mahakama ikamwambia kwamba alipokubali kushika mali ya mtu mwingine alijitwika wajibu wa kuiangalia, na kwa kuwa hakuiangalia alipe. Basi, ikiwa aliyechukua bure alilipa, aliyechukua kwa nauli atasemaje?

Sheria yetu ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya Uhindi ya mwaka 1872 iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake, yasema jambo lile lile. Mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake kwa kazi maalumu imempasa aiangalie kama mtu mwenye busara ya kawaida angaliyoangalia mali yake mwenyewe ya namna ile. Angalieni maneno haya: busara ya kawaida. Hatakiwi kuwa malaika. Gari likipigwa na radi, au mzigo ukaharibika kwa ubovu wake wenyewe, au mwenyewe akaufunga ovyo, mchukuzi ana neno la kusema. Ila ni yeye alisemaye. Mali ilipokuwa mikononi mwake, yeye ndiye ajuaye yaliyotukia njiani. Mwenye mali alikuwa nyumbani amelala. Basi kueleza ni kazi ya aliyekuwapo. Siku hizi mambo yamegeuzwa: mwenye mali huambiwa athibitishe ni shimo gani lililovunja kioo chake, hali mwenye gari ameketi ofisini anakunywa chai.

Hata hivyo hoja ya nauli ndogo ina kipande cha kweli, nami nitampa mwenzetu kipande hicho. Si haki mchukuzi abebe kwa nauli ya gunia la mtama kitu chenye thamani ya dhahabu bila kuambiwa. Waingereza waliliona hilo zamani. Katika mwaka 1830 walitunga sheria ya wachukuzi wa nchi kavu, wakasema: kwa vitu kama dhahabu, fedha, saa, vioo, vyombo vya kaure, hariri na picha, thamani yake ikizidi pauni 10, mchukuzi hadaiwi kwa kupotea wala kuharibika isipokuwa mwenye mzigo ametaja namna na thamani yake alipoukabidhi, akakubali kulipa nyongeza. Lakini sheria ile ile ilimtaka mchukuzi abandike ofisini mwake, mahali panapoonekana, kwa herufi zinazosomeka, kiasi cha nyongeza anayoitaka. Mnaona uzuri wa mizani hii? Mwenye mzigo ataje, mchukuzi atangaze. Mmoja asifiche thamani, na mwingine asifiche sharti.

Njia hiyo hiyo ndiyo ya bahari. Kanuni zilizokubaliwa na mataifa mjini Brussels mwaka 1924 zilimwekea mwenye meli kikomo cha pauni 100 kwa kila kipeto, isipokuwa namna na thamani ya mali imetajwa kabla ya kupakiwa na kuandikwa katika hati ya mizigo. Wako miongoni mwetu wanaoagiza mashine, vioo na vyombo vya ng'ambo vikashukia bandari ya Dar es Salaam. Na walijue hili. Tena kanuni hizo zimetaka uharibifu uonekanao upelekewe habari kwa maandishi wakati wa kupokea, na usioonekana kwa nje katika siku 3. Asiyefanya hivyo huhesabiwa kwamba alipokea mzigo mzima, hata athibitishe vinginevyo. Na shauri lifunguliwe kabla mwaka 1 haujapita. Kwa mapatano ya nchi kavu Sheria yetu ya Ukomo ya mwaka 1971 imetupa miaka 6, nao ni muda mpana. Lakini ushahidi haukai miaka 6. Kioo kilichovunjika hutupwa, utingo huhama kampuni, na wino wa risiti hufifia.

Sababu ya tatu ya mwenzetu ni barabara. Ati nchi yetu ina mashimo na vumbi, wala mchukuzi hakuyaumba. Namjibu kwamba barabara ya kutoka Mwigumbi kupita Maswa hata Bariadi na Lamadi sasa ni ya lami, wala hatuishi tena zamani zile ambapo mzigo wa Maswa ulishushwa kwenye stesheni ya reli ya Malampaka ukamaliziwa kwa njia za matope. Lakini hata kama barabara ingekuwa mbaya kuliko zote, mchukuzi aijua. Hupita kila siku. Mtu aijuaye njia kuwa ina mashimo, akaweka cherehani juu ya kioo na magunia ya mchele juu ya cherehani, hakuharibiwa na barabara, aliharibu mwenyewe.

Sababu ya nne ndiyo kubwa, nayo ndiyo iliyowafanya wengi watikise vichwa: kwamba kudai ni fitina, na mtumishi wa Serikali asijulikane kuwa mgomvi. Ndugu zangu, chama cha kwanza cha watumishi wa Serikali Waafrika katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, naye marehemu Martin Kayamba alikuwa mwanzilishi wake. Wale walikuwa makarani na walimu. Hawakuwa na fedha nyingi wala hawakuwa na silaha. Walikuwa na kalamu, nao walijua kuandika barua yenye tarehe, yenye hoja, isiyo na matusi. Je, watu wale walikuwa wagomvi? Barua si ugomvi. Ugomvi huanza pale ambapo barua haikuandikwa, mtu akaweka uchungu moyoni, kisha siku moja akamkamata utingo shati pale kituoni mbele ya watoto.

Tena mwenzetu amesahau kitu kimoja. Karani akinyamaza, hanyamazi kwa nafsi yake peke yake. Yeye ndiye asomaye risiti; jirani yake mkulima humwamini kwamba amesoma. Mjane aliyeletewa mizigo ya marehemu mumewe ikiwa imevunjika humjia karani amwulize, "Mwanangu, karatasi hii yasemaje?" Ikiwa jibu letu ni kwamba karatasi yasema hasara ni yako, mama, nenda nyumbani, basi tumegeuka kuwa makarani wa kampuni bila mshahara.

Lakini sitaki kuwalaumu wachukuzi tu na kutuacha sisi na mikono safi. Desturi zetu pia huwapa nguvu. Twafunga radio ndani ya blanketi, twaandika "nguo" ili tulipe nauli ndogo, kisha ikivunjika twataka tulipwe radio. Hiyo si haki, wala hakuna hakimu atakayeipenda. Mwaka 1854 mahakama ya Uingereza, katika shauri la Hadley na Baxendale, ilikataa dai la wenye kinu cha Gloucester. Mhimili wa chuma wa mashine yao ulivunjika, wakaupeleka kwa wachukuzi ufike Greenwich upate kutengenezewa mwingine. Wachukuzi wakachelewa, na kinu kikasimama. Wenye kinu walidai faida yote waliyoikosa. Mahakama ikasema hasara hiyo si ile itokayo kwa kawaida, wala pande mbili hazikuihesabu zilipopatana. Kifungu cha 73 cha Sheria yetu ya Mikataba kimefuata msingi huo: hulipwa hasara iliyotoka kwa kawaida katika kuvunjwa kwa mapatano, au ile ambayo pande zote mbili ziliijua tangu mwanzo. Maana yake kwetu ni nyepesi: usiposema, haikusemwa.

Kwa hiyo nasema, anayepeleka kitu cha thamani na afanye haya. Kwanza, ataje kitu kwa jina lake na thamani yake, viandikwe juu ya risiti, mbele, wala si nyuma. Na kama kampuni yataka nyongeza au bima, alipe. Pili, akipige picha kitu hicho kabla ya kufungwa na baada ya kufungwa, na kuihifadhi risiti ya kununulia. Tatu, akipokea asitie sahihi kabla ya kufungua. Na akiharakishwa, aandike kwa mkono wake juu ya sahihi, "Nimepokea bila kukagua," pamoja na saa na tarehe. Nne, akiona uharibifu, asitupe kitu wala kifungio chake, bali awaite mashahidi wawili, apige picha, na siku ile ile aandike barua kwa kampuni akitaja namba ya risiti, kilichoharibika, gharama ya kutengeneza au kununua kingine, na siku anayotaka kujibiwa. Nakala abaki nayo. Tano, asipojibiwa, apeleke nakala zote mahali panapohusika: mambo ya mabasi, magari ya mizigo na reli yako chini ya LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 mahali pa SUMATRA, vipeto vya posta na vya kampuni zenye leseni ya kuchukua vifurushi viko chini ya TCRA, nazo mamlaka hizi mbili zina mabaraza ya kuwatetea watumiaji. Mahali pa kampuni inayowadanganya wateja, iko Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume yake. Mahakama iwe ya mwisho, lakini iwepo.

Na mtu akiletewa "hisani," asiikatae kwa hasira wala asiipokee kimya. Aulize: fedha hii ni ya kumaliza dai, au ni sehemu ya malipo? Akiipokea kama sehemu, aandike hivyo katika karatasi ya kupokelea. Maneno matatu ya wino yaweza kuokoa shilingi laki tatu.

Sasa naja kwa chama chetu, maana mmoja mmoja tutachoka. Naleta hoja tatu mbele ya mkutano ujao. Ya kwanza, chama kichapishe fomu ya kurasa mbili, ya kutajia thamani na ya kudaia fidia, kwa Kiswahili, kila mwanachama apewe na jirani asiye mwanachama asinyimwe. Ya pili, kifunguliwe kitabu cha kuandikia kila mzigo ulioharibika: njia, tarehe, kitu, thamani, jibu la kampuni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumepoteza mengi bila habari. Shauri la mtu mmoja kampuni hulitupa kapuni. Kitabu chenye mashauri ya wilaya nzima si rahisi kukitupa. Ya tatu, chama kiandike kwa baraza la watumiaji wa usafiri wa nchi kavu kuomba kila risiti ya mzigo iwe na mahali pa kutajia thamani, masharti yake yawe mbele na kwa Kiswahili, na nyongeza ya vitu vya thamani ibandikwe ukutani.

Hayo hayatamfilisi mchukuzi mwema. Yule apangaye mizigo kwa akili atashukuru, maana leo hii hushindana kwa nauli na mwenzake asiyelipa chochote anapoharibu. Anayeogopa hoja hizi ni yule tu ambaye faida yake imo katika kunyamaza kwetu.

Mwenzetu aliyeandika ni mtu mwema, nami namheshimu. Namwomba aje mkutanoni, ainuke, apinge hoja hizi mbele ya watu. Akishinda kwa sababu, nitapiga kura yake. Asiposhinda, ashike kalamu atusaidie kuandika hiyo fomu, maana mkono wake ni mzuri kuliko wangu.

Wasalaam,
Mimi, Karani,
Sola, Wilaya ya Maswa